Redio Iliyokuwa Orofani Kwangu

Jumatatu, mwezi 4 Rajabu

Athumani huna akili. Nimekwambia mara ngapi, kifo hakitangazwi kwa jina la mtu na baba yake peke yake? Leo nilikuwa kwenye kuosha maiti, nikamwachia redio. Akasema Mwanaidi binti Salumu wa Bagamoyo amefariki, anazikwa adhuhuri. Basi. Kana kwamba mji huu una Mwanaidi mmoja.

Aliyekufa ni Mwanaidi mkunga. Watu wa Miono wakadhani ni Mwanaidi wao, muuza samaki. Wamekuja lori zima, na sanda, na ubani, wanalia tangu njiani. Wamemkuta uani anapara changu. Kawatazama. "Mmekuja kunizika au mmekuja kula?"

Wamekula. Samaki wake wote wa biashara wameisha.

Mji mzima unacheka. Mimi sicheki. Katika lile lori alikuwamo bibi mzima aliyezimia njiani. Kuanzia leo Athumani hatangazi kifo. Nikiwa kwa maiti, redio iningoje.

Jumatano, mwezi 6 Rajabu

Tarishi wa boma amekuja. Redio ifungwe. Eti tunatisha watu kwa vifo vya uongo. Na eti sasa ipo redio ya serikali Dar es Salaam, hii yetu haina kazi.

Haina kazi. Nimekasirika mpaka herufi zangu za chuo cha Kurani zimekaa kama kuku wamepita juu ya karatasi.

Athumani ni mtoto wa marehemu mdogo wangu. Vitani Bama, kule Asia, alikuwa askari wa waya na simu. Aliporudi akaokota vyuma vibovu huku na huku, akaunga mashine, akaniomba chumba cha orofani ili mlingoti ukae juu ya paa langu. Mimi mama yake mkubwa, ningemnyima? Bwana shauri wa wakati ule, Mzungu mkuu wa boma, alimpa ruhusa, tena akawa anasikiliza. Mwanzo ilikuwa santuri tu, vijana wanajaa barazani kwangu wanatafuna karanga na kuacha maganda. Nikasema kitu hiki kikikaa nyumbani mwangu kifanye kazi ya maana.

Mimi ni mwosha wa wanawake. Nani anajua kifo kabla yangu? Na maiti wetu halazwi. Akifa alfajiri, alasiri yuko udongoni. Mtoto aliyeko Miono au Chalinze alikuwa akifika kesho yake kuonyeshwa tuta. Nilipoanza kutangaza wakawa wanawahi. Wenye maduka huko wana redio za betri, wakisikia wanapaza sauti mpaka mashambani. Nilikuwa nataja jina, mama yake, lakabu, mtaa, alikuwa akiuza nini, hata kama alikuwa na chongo. Hakuna aliyelia msiba usio wake.

Redio ya Dar itamtaja mama Fulani wa Bagamoyo? Itamtaja mfalme.

Ijumaa, mwezi 8 Rajabu

Wamefunga. Karani wa boma amepanda ngazi zangu na viatu. Nimemwambia vua. Akavua. Mama yake nilimuosha mimi kwa mikono hii, na yeye aliwahi mazishi kwa sababu ya redio hii hii. Alikuwa Ubena siku ile. Nimemkumbusha. Kainamisha kichwa, kisha kagandisha lakiri nyekundu, muhuri wa boma, kwenye mlango wa chumba cha redio.

"Bibi, mimi nimetumwa."

"Najua. Na punda hutumwa."

Athumani ananiambia ninyamaze. Ninyamaze nyumbani kwangu.

Jumapili, mwezi 10 Rajabu

Bi Kidawa amekufa alfajiri. Jirani yangu, tumegombana tangu wasichana, kuhusu kisima, kuhusu kuku, kuhusu mume wake ambaye mimi nilimkataa kwanza. Nitamkosa sana.

Ana mtoto mmoja, Sefu, analima Miono. Juzi kaniambia, sauti imeshakwisha, "Sefu ndiye aniteremshe kaburini. Si mtu mwingine." Nikamwitikia ndiyo.

Shehe alitaka adhuhuri. Nimemwomba alasiri, amekubali, zaidi hapana. Nimetafuta gari la kwenda Miono. Hakuna. Nikarudi nyumbani, nikachukua kisu cha jikoni, nikapanda juu.

Athumani akanifuata. "Mama mkubwa, nitafungwa."

"Wewe utafungwa kwa nini? Lakiri naikata mimi. Niwashie hiyo betri, kisha toka nje usimame uonekane na watu."

Kawasha. Katoka. Nikasema: Kidawa binti Mfaume, mama Sefu, wa mtaa wa nyuma ya soko, muuza vitumbua, yule mwenye maneno makali, amefariki. Sefu uliye Miono, mama yako amekutaja. Anazikwa alasiri. Nikarudia mpaka betri ikachoka. Ndipo nikashuka kwenda kumuosha.

Tulikuwa tumeshamaliza kumkafini, ndipo Sefu akafika juu ya lori la mkaa, mweusi kama mkaa wenyewe. Wakamkogesha haraka uani. Sisi wanawake hatuendi makaburini, lakini nimeambiwa alishuka mwenyewe, akampokea, akamlaza.

Sijuti hata kidogo.

Jumatatu, mwezi 11 Rajabu

Wamekuja kuchukua mashine. Waya wamekata, mlingoti wameangusha, vigae vyangu vinne vimevunjika na hakuna aliyesema pole.

Nimeitwa boma. Bwana shauri mpya, kijana, shingo nyekundu. Karani anatafsiri. Ameuliza nani kakata lakiri. Mimi. Athumani alikuwepo? Alikuwa barazani, mji mzima umemwona. Ameuliza kama naijua sheria.

"Ya kwenu sijui. Ya maiti naijua. Nifunge, lakini kwanza niambie wake wa askari wenu Waislamu wa humu bomani wakifa nani atawaosha."

Karani ametafsiri polepole, anaangalia meza. Mzungu kafunga faili lake. Kisha kaniambia niende zangu.

Nimekwenda zangu. Sikuaga.

Alhamisi, mwezi 14 Rajabu

Chumba cha orofani kitupu. Athumani amekwenda kutafuta kazi kwenye magari Chalinze. Nimefagia.

Jana tumezika mwanamke wa Kaole. Binti yake ameingia leo asubuhi kutoka Ubena. Tuta limeshamwagiwa maji, limekauka. Alikuja kwangu, hakunilaumu. Alikaa mkekani akaniuliza mama yake alivaa nini mwilini alipokata roho. Nikamweleza. Kanga gani, nywele zilikuwaje. Akanywa chai, akaenda.

Nimefikiri siku nzima. Tumekuwa tukingoja mtu afe ndipo tupeleke habari, kwa kuwa habari ilikuwa inaruka. Sasa hairuki. Inatembea kwa miguu.

Kwa hiyo kesho nianze mtaa wa Dunda, nipite nyumba hadi nyumba, niwaambie wanawake wote: mgonjwa akikataa uji, msimngoje afe. Mtumeni mtu kwa watoto wake siku hiyo hiyo, wawe Miono au Ubena.