Shahidi wa Nne wa Mudende

Gisenyi, 21 Februari 1999

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, goti limetulia, na mvua za Bukoba hazijarudi kuingia jikoni. Mimi sijambo. Kile kikohozi ulichoniulizia kiliisha chenyewe, kwa hiyo asali yako nimeila kwa mkate, na wala sijutii.

Nina shida, na fundi wake ni wewe. Hapa kituo cha afya tuna mashine ya chapa moja tu, ya Kifaransa, na herufi zake zimepangwa kwa mpango wao wenyewe. Vidole hivi ulivyovifundisha wewe kwenye mashine yako vinakwenda vilikozoea. Juzi nilipiga tangazo la kubandika mlangoni. Herufi ya a niliikumbuka, z ikanishinda, ngozi ikatoka na w, nikabandika bila kusoma: "Kliniki ya Ngowi, Jumanne na Alhamisi." Wiki nzima wagonjwa wananiuliza huyo daktari Ngowi anafika saa ngapi.

Sasa nina kazi kubwa kuliko tangazo. Huku juu Mudende watu wameanza kurudi mashambani baada ya vita, na wengi wanalima pareto, yale maua ya dawa ya wadudu. Wakati wa mvua maua hawana pa kuyaanika, wanayatandaza ndani, kwenye dari juu ya jiko, nao wanalala chini yake. Kuna watu wachache ambao ngozi zao haziyavumilii. Uso unavimba, paji la uso linakuwa nene, masikio yanakuwa mazito, mpaka mtu anafanana kabisa na mwenye ukoma.

Mmoja ni Mukeshimana, mama kijana aliyezaliwa Goma na kuolewa Mudende. Nilimfumba macho, nikampitishia pamba usoni, akahisi kila nilipogusa. Mwenye ukoma hahisi. Lakini kwa wakwe zake ameshahukumiwa: hapiki, anakula mlangoni kwa sahani yake peke yake, na mtoto wake Mahoro, wa miaka minne, amehamishiwa chumbani kwa bibi yake mzaa baba. Nilikwenda kusema na baba mkwe, mzee Bizumuremyi. Alinisikiliza kwa heshima zote, kisha akaniambia: "Docteur, sisi bote tunalala na maua ile mu nyumba moya. Juu ya nini inashika ye tu? Mutu mumoja hawezi kushuhudia kesi yake mwenyewe. Leta karatasi yenye docteurs bengine wanasoma na wanakubali."

Basi nataka kuandika, niwaweke pamoja yeye na wengine niliowapata vilima vingine, nipeleke kwenye jarida la madaktari wa ngozi huko Ulaya. Wanataka nakala tatu, mistari imeachana, upande mmoja wa karatasi. Nikiwapelekea ya akina Ngowi watacheka tu. Utanipigia, Mama?

Mwanao,
Valens

---

Bukoba, 15 Machi 1999

Mwanangu Valens,

Marahaba. Sisi huku wazima. Goti linaniuma asubuhi, mchana linasahau. Jirani yako wa zamani Olivia amejifungua mapacha, nyumba yao haina usingizi na yetu pia haina.

Kwa Ngowi nimecheka mpaka nikakaa chini. Lete kazi. Mashine yangu ni nzima, utepe ninao mpya, na hizo nakala tatu ni mchezo kwa mtu aliyepiga hukumu za mahakama tangu hujaanza shule. Hakimu wangu alikuwa akisema akitaka kulala vizuri, kesi aipige Verediane.

Ila niseme neno. Umeniandikia habari za masikio na paji la uso, nikakuelewa. Lakini kilichonikaa rohoni ni hiyo sahani mlangoni. Mimi niliikimbia nchi yetu nikaishi ukimbizini na wewe mgongoni, najua kula ukiwa umeelekezwa nje. Kwamba umepanda mlima kwa ajili ya sahani ya mtu mmoja, mwanangu, nimefurahi kuliko siku uliyopata cheti. Baba yako angekuwepo angetembea na barua yako mfukoni mpaka ichakae.

Uvae sweta huko juu.

Mama yako

---

Gisenyi, 25 Aprili 1999

Mama mpendwa,

Shikamoo. Aprili ni mwezi mzito huku, mwezi wa kuwakumbuka waliouawa, unajua mwenyewe, kwa hiyo nimechelewa. Afya ipo.

Karangwa, mchuuzi wa sokoni hapa, anashuka Bukoba kufuata dagaa, amenibebea hizi kurasa na picha za wagonjwa. Mwandiko ni ule ule unaoulalamikia, nivumilie. Nimeeleza nilivyofanya: chembe ya unga wa pareto chini ya plasta mgongoni, mtu anakaa nayo, halafu tunafungua na kutazama. Wagonjwa wangu wote palivimba pakawa pekundu. Mimi pia nilijibandika, sikupata kitu, kwa hiyo ni kweli mzee hakosei anaposema inachagua watu. Kuna watu wanaokula samaki na kuna wanaovimba midomo wakinusa tu.

Majina hayaruhusiwi. Utaona P.1, P.2, hivyo hivyo mpaka mwisho. Mukeshimana ni P.4. Nilipomweleza kwamba jina lake halitatokea alinuna. "Docteur, mi siko na ukoma," akasema. "Kama hawaandike jina, batajua namna gani ni mi?" Halafu akanisaidia mwenyewe kuwatafuta wengine. Alitembea mpaka kilima cha Cyanzarwe na kitambaa usoni, akarudi na mwanamume mmoja aliyekuwa anajificha kwa dada yake. Sijaona mtu mwenye moyo wa namna ile. Anatengwa yeye, halafu anakwenda kuwatoa wenzake walikojificha.

Mwanao,
Valens

---

Bukoba, 24 Mei 1999

Mwanangu Valens,

Marahaba, na pole na kazi. Karangwa alifika salama, na sasa amerudi tena kwa dagaa, amelala hapa, amekula senene nusu ya kopo.

Nimemaliza. Posta yenu ya huko siiamini, na mtoto wa watu anakaa kwa bibi yake. Sikungoja. Nimepeleka mwenyewe Ulaya, nakala zote tatu na zile picha, kwa rejista, na anwani ya jibu nimeweka sanduku langu. Nakala ya kaboni ndiyo hiyo anayokuletea Karangwa. Hakuna mahali nilipofuta. Nikikwambia mgongo hauniumi nitakuwa nakudanganya, lakini nilipotoa ukurasa wa mwisho nilijiona msichana.

Huyu mwanamke aliyetembea mpaka Cyanzarwe na kitambaa usoni mpe salamu zangu. Mwambie kuna bibi mmoja Bukoba anayemvulia kilemba.

Mama yako

---

Gisenyi, 13 Juni 1999

Mama,

Shikamoo. Wote wazima.

Nakala nimepata. Kazi ni safi, pambizo zote sawa. Lakini Mama, P.W. ni nani? Mimi niliandika P.1, P.2, maana yake mgonjwa wa kwanza, mgonjwa wa pili. Wewe umepiga P.W.1, P.W.2, kuanzia juu mpaka chini. Huyo ni Prosecution Witness, shahidi wa upande wa mashtaka! Na mwishoni umeongeza kwa Kiingereza chako cha mahakamani: Imetolewa Gisenyi leo tarehe ishirini na mbili Mei. Kilichobaki ni mhuri na faini.

Na umeshaipeleka. Wazungu wa jarida watasema huyu si daktari, ni karani wa polisi, wataitupa kabla ya kufika ukurasa wa pili. Ungeningoja niisome. Miezi yote hii mzee Bizumuremyi ananiuliza karatasi iko wapi, na Mahoro ameanza kumwita bibi yake mama. Mukeshimana aliniambia hilo bila kulia, ndiyo maana nimeshindwa kulala.

Mwanao,
Valens

---

Gisenyi, 29 Agosti 1999

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo, na shikamoo tena. Julai nzima sikupata hata mstari kutoka kwako, na Karangwa anasema ulimwambia huna cha kuandika. Huyo si wewe. Barua yangu ilikuwa ya hasira, na hasira yenyewe haikuwa yako, nilikuletea wewe kwa sababu wewe ndiye mama. Nisamehe. Sasa vuta kiti usikilize, maana haya ni yako kuliko yangu.

Jumapili iliyopita nilipanda Mudende. Nia yangu ilikuwa kumwambia mzee kwamba jarida halijajibu na pengine halitajibu. Nakala yako ilikuwa kwenye mkoba, sikuwa na mpango wa kuitoa. Mzee akaiona. Akaichukua, akavaa miwani, akaanza kufungua ukurasa baada ya ukurasa. Kiingereza hajui hata kidogo. Lakini ujanani alikaa mahakamani kama mmoja wa waamuzi, na nilimwona jinsi anavyoitazama ile karatasi, mistari ilivyoachana, tarehe pale chini. Alikuwa kama mtu aliyekutana na rafiki wa zamani barabarani. Akaweka kidole pale pale nilipokulaumu.

"Na hii P.W. ni nini?"

Mama, ningeweza kubuni kitu. Nikamwambia kweli: ni kosa, mama yangu alikuwa mpiga chapa wa mahakama huko Bukoba, na mikono yake imemwandika mgonjwa wangu kama anavyoandikwa shahidi wa mashtaka.

Akafikiri. "Bon. Na mushitakiwa ni nani?"

Nikatazama juu kwenye dari, mvua zilikuwa zimewahi na maua yalikuwa yametandazwa juu ya moshi, meupe. "Ni maua ile, mzee," nikasema.

Nilidhani atacheka. Hakucheka. Huku kwetu, tangu kesi za mauaji zianze, neno shahidi halitamkwi ovyo, watu wanajua lina gharama gani. Alivua kofia. Akaita mke wake, akaita wanawe, mume wa Mukeshimana akiwemo, akaita jirani wa upande huu na wa upande ule. Wakakaa. Akaniamuru nisome, niseme kwa Kiswahili, polepole.

Nikasoma shahidi wa kwanza: mwanamume aliyeuza shamba akidhani amelogwa, na tangu auze akapona. Shahidi wa pili: mjane, uso unavimba kila msimu wa kuanika. Wa tatu: msichana anayepona akienda shule ya bweni na kuugua akirudi likizo. Nikasikia mtu nyuma yangu akisema "eh, kumbe" taratibu. Nikafika kwa wa nne, nikasita.

"Wa ine ni nani?" mzee akauliza.

Nikamwambia sheria ya jarida hainiruhusu kutaja.

"Ni mi," akasema Mukeshimana.

Alikuwa mlangoni, pale pa sahani yake. Akasimama, akatoa kitambaa usoni, akasema yote mwenyewe, jinsi macho yanavyomwasha asubuhi jiko likiwashwa, jinsi alivyolala kwao Goma akapona na aliporudi ikaanza upya. Hakumlaumu mtu hata mmoja. Nimesoma vitabu vya ngozi, Mama, na sijakutana na maelezo yaliyonyooka kama yale. Nilitamani ungekuwepo na mashine yako.

Mzee alivua miwani. Kisha akasema, "Mashahidi bane, milima mbalimbali, na hawajuane. Basi. Mi nilikosea ku nyumba yangu." Akawaamuru wanawe washushe maua siku ile ile, wakayapeleka banda la ng'ombe upande wa pili. Halafu akamwambia mke wake, "Lete mutoto."

Mahoro alijificha kwanza nyuma ya bibi yake. Alikuwa amesahau uso bila kitambaa. Mwishowe akasogea, akamshika mama yake sikio, lile nene, akalivuta kidogo kulijaribu. Mimi nikatoka nje nikajifanya naangalia ng'ombe.

Ngozi bado haijapona, itachukua miezi. Lakini viazi vya mchana ule tulikula sahani moja, mzee akamega upande wa Mukeshimana kabla ya upande wangu. Na nakala yako amekataa kunirudishia. Ameifungia pamoja na vyeti vya ubatizo vya ukoo mzima.

Niandikie, Mama. Hata kunitukana.

Mwanao,
Valens

---

Bukoba, 26 Septemba 1999

Mwanangu Valens,

Marahaba mara mbili, moja ya Julai. Sisi wazima, mapacha wa Olivia wameota meno.

Barua yako ya Juni niliisoma, nikaifunika mashine kwa kanga, nikasema basi, vidole vimezeeka. Sikukasirika na wewe. Niliogopa kwamba nimemharibia yule dada. Sikukusudia, Valens. Nilikuwa nikisoma maneno yao nawaona wamesimama mmoja mmoja mbele yangu wanasema, na mikono ikafuata. Hii ya Agosti nimeisomea wamama wa jumuiya yetu kanisani. Padri naye akaja kuiomba.

Jarida wamejibu, kwenye sanduku langu. Wanaikubali. Wanataka ifupishwe nusu, wanasema maelezo ya wagonjwa yana uhai wasiouona mara nyingi, na wanauliza kwa adabu P.W. ni nani. Kanga nimeiondoa. Nimepiga upya yote, nimefupisha kama wanavyotaka, na kila P.W. nimeirudisha kuwa P. Wa nne nimembadilisha mwisho, na nilisita. Safari hii sikupeleka mbele, nakutumia wewe usome kwanza. Wewe ni daktari mzuri, mwanangu, na nasema hivyo mimi niliyewaona waheshimiwa wengi kwa karibu.

Ila umeniandikia kurasa nyingi na jambo moja hukusema. Mtoto anamwitaje mama yake sasa?

Mama yako

---

Gisenyi, 24 Oktoba 1999

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, sweta nimevaa.

Nakala nimezisoma mara mbili, sikukuta kosa. Chini nimeongeza kwa mkono mstari wa kumshukuru Bi Verediane wa Bukoba, nimezipeleka posta, na usinigombeze.

Swali lako nililipeleka Mudende. Nilimkuta Mukeshimana jikoni anamenya viazi, masikio yameanza kuwa mepesi. Hakunijibu mimi. Alinyoosha kidole nisubiri, akapaza sauti kumwita Mahoro. Huko nyuma ya banda mtoto akaitika, "Yego, mama!" Mukeshimana akarudi kwenye viazi vyake, akaniambia, "Umuandikie ivyo."

Mwanao,
Valens