Tai wa Shamba la Karanga

Wamaza, tarehe 3 Machi 2024

Mwanangu Estelle,

Pokea salamu nyingi. Umeamkaje huko Kasongo? Sisi ni wazima, isipokuwa mgongo wangu unaonikumbusha umri. Mama yako anasema usisahau kula.

Hervé wa pikipiki anakuletea kikapu. Ndani yake mna tai wa kishungi, yule anayekaa juu ya kisiki cha mchikichi pembeni mwa shamba letu la karanga. Jirani yetu Gérard alimrushia fimbo akamvunja bawa la kushoto. "Huyu iko mwizi ya kuku, tumumalize!" Nilikataa. Miaka yote namwona akikamata panya katika karanga zangu, na kifaranga hajachukua hata mmoja. Wewe unafanya kazi katika hospitali ya ndege wa namna hii. Mponyeni, kisha mnirudishie.

Usiogope kwamba atakimbia. Bawa la kulia, lililo zima, nimelikata manyoya kwa mkasi wa mama yako, vizuri kabisa, kama tunavyowafanyia bata.

Baba yako, Pierre

Kasongo, tarehe 10 Machi 2024

Baba yangu mpendwa,

Habari za mgongo? Mwambie mama ninakula, tena ninakula sana.

Mgonjwa wako alifika na hasira zake zote. Daktari Safia alimfunika kichwa kwa kitambaa, akatulia papo hapo, kisha akaunga mfupa kwa waya mwembamba. Laiti ungeiona mikono yake! Saa nzima haikutetemeka. Leo tai amenikazia macho yake ya manjano, kishungi kimesimama, akaninyang'anya panya niliyemletea. Nimeshampenda.

Kuhusu manyoya, tutaona.

Mtoto wako, Estelle

Wamaza, tarehe 21 Aprili 2024

Mwanangu,

Hujambo na kazi? Huku hatujambo, mvua inanyesha vizuri.

Hervé ananiambia bawa limepona. Sasa mbona haji? Panya wanavuna karanga kabla yangu. Barua yako ya mwisho ilikuwa fupi mno. Kama kuna jambo, liseme. Mimi si mtoto.

Baba yako

Kasongo, tarehe 28 Aprili 2024

Baba,

Nakusalimu kwa heshima, na unisamehe.

Mfupa umepona kweli. Kinachomzuia ni manyoya uliyoyakata. Unyoya uliokatwa haukui tena. Shina lake linapaswa kudondoka lenyewe ndipo uote mwingine, na kwa tai huyu inaweza kuchukua mwaka. Akikaa chini mwaka mzima, miguu itaota vidonda, na anaweza kufa. Bata anaweza kungoja, kwa sababu hawindi angani.

Daktari anajua kupachika. Huchukua unyoya wa tai mwingine wa aina hiyo hiyo, akaunganisha mashina kwa kijiti cha mwanzi na gundi kidogo. Lakini hatuna unyoya hata mmoja, na tumeuliza kila mahali.

Niliogopa kukuandikia kwa sababu ni wewe uliyemwokoa. Usijilaumu, Baba.

Mtoto wako, Estelle

Wamaza, tarehe 2 Juni 2024

Mwanangu Estelle,

Natumaini afya yako ni nzuri. Yangu ilikosa usingizi.

Wiki tano sikukuandikia. Nilikuwa na aibu, na hasira pia: kwa mkasi, kwa Gérard, hata kwako.

Unaikumbuka kofia ya babu yako, ninayoivaa kwenye harusi na tunapompokea chifu. Ina manyoya tisa ya tai wa kishungi, aliyoyaokota pembeni mwa shamba hili hili. Ndicho kitu pekee alichoniachia mkononi. Jana nimeyachomoa moja moja. Mama yako alilia, na mimi nililia. Yamo ndani ya katoni. Nimemwambia Hervé akiyakunja, asirudi kwangu.

Baba yako

Kasongo, tarehe 16 Juni 2024

Baba yangu,

Salamu kwako na kwa mama, mara mia.

Matano yamefaa, yote ya bawa la kulia! Daktari Safia aliyageuza mkononi, akasema, "Huyu muzee iko na roho kubwa." Aliyapachika bila kuinua kichwa hata mara moja. Jana tai ameruka katika banda kubwa, ukuta hadi ukuta. Nilipiga kelele kama kichaa. Najivunia kuwa mtoto wako.

Kawaida yetu ni kumrudisha ndege alikotoka. Jumamosi tunafika. Gérard aweke fimbo yake chini.

Estelle wako

Wamaza, tarehe 9 Februari 2025

Mwanangu,

Tunaendelea vizuri, hata mgongo leo umenyamaza.

Tangu siku ile mlipomwachia, yuko kwenye kisiki chake karibu kila asubuhi. Siku hizi Gérard ndiye anayehesabu panya anaowakamata. Kwenye harusi ya binamu yako Sonia nilivaa kofia bila manyoya. Walinicheka, nikacheza ngoma hivyo hivyo.

Leo nimeokota unyoya chini ya kisiki. Chini ni shina nililolikata mimi kwa mkasi. Juu yake, umeshikwa na kijiti cha Daktari, ni unyoya wa babu yako. Nikainua macho. Tai alikuwa amenyoosha bawa juani, na penye pengo umechipua mpya, wake mwenyewe.

Nimeurudisha kofiani kama ulivyo, pamoja na kosa langu. Mama yako alitaka kulikata lile shina la chini, usimame vizuri. Nimemficha mkasi.

Baba yako, Pierre