Ukinyamaza, Nazima

Jumatatu, 3 Machi

Imefika! Wanaume wanne wameibeba kutoka kwenye gari mpaka ndani ya bucha, wakiguna, Shangazi akiwafokea kwa nyuma wasimvunjie vigae. Mashine ya kukatia mifupa. Ndefu kunizidi, inang'aa kama kijiko kipya. Ina milango miwili, wa juu na wa chini. Ukiifungua unakuta magurudumu mawili, na bledi imezungushwa humo kama mkanda – utepe wa chuma wenye meno, hauna mwanzo wala mwisho. Nimeutazama mpaka Shangazi akanipiga kofi la mgongo. Bi Mawingu, shuka, kuna kazi chini huku.

Fundi ametumia asubuhi nzima kuisimamisha. Pimamaji juu ya meza yake, kipande cha mpira chini ya mguu mmoja, pimamaji tena. Isipokaa sawa itatembea, kasema. Kisha akatafuta waya wa ardhini kwenye soketi. Hakuna. Akauvuta mwenyewe, na mpaka amalize hakuna aliyeruhusiwa hata kuweka kiganja juu ya mashine.

Gogo tumelisogeza kwenye kona. Shoka limetundikwa ukutani, Shangazi hakulitazama. Daktari alimwambia bega la kulia limelika. Miaka thelathini ya kupasua mifupa! Akiendelea, mkono hautanyanyuka tena, hata kujifunga kilemba ataomba msaada. Kwa hiyo mashine ni yangu. Nikishindwa anarudi kwenye shoka. Ameshasema, na yeye akisema amesema.

Jumanne, 4 Machi

Siku ya mafunzo. Mkono usikaribie bledi zaidi ya shubiri moja. Kipande kikiwa kidogo, sukuma kwa kibao, si kwa vidole. Glovu za kitambaa marufuku: bledi inashika uzi, uzi unavuta glovu, na ndani ya glovu kuna mkono. Bangili nimevua. Kinga ya bledi ishushwe mpaka karibu iguse nyama. Usilazimishe, iache ikate yenyewe. Ukitaka kuosha, chomoa plagi kwanza, halafu subiri magurudumu yasimame kabisa ndipo ufungue. Na jioni legeza skrubu ya juu, bledi isilale ikiwa imekazwa.

Hiyo ya jioni nimeipenda. Nimeilegeza mwenyewe nikaisikia ikishusha pumzi. Najua chuma hakishushi pumzi. Lakini nimesikia.

Shangazi akauliza, na akili je? Fundi akacheka, akasema hiyo, bi mkubwa, inabaki hapa hapa mezani. Wote wawili wakanigeukia mimi. Nikajifanya napangusa meza.

Alhamisi, 6 Machi

Aibu ya mwaka! Jana tuliitoa bledi kuiosha, unga wa mifupa ulikuwa umeganda kwenye magurudumu kama uji. Leo tukairudisha wenyewe, Shangazi akitoa amri, mimi nikitii. Nikawasha. Haikati! Inanyanyua nyama. Ubavu mzima unaruka mezani, na mimi naung'ang'ania. Nikabonyeza kitufe chekundu. Shangazi anasema bledi imeisha makali, tumeuziwa kitu kibovu, fundi atanitambua.

Mpishi wa bweni alikuwa kaegemea kaunta akisubiri mifupa yake ya supu. Akachungulia. Nyie wawili, mbona meno yanatazama dari? Tukainama. Kweli. Utepe ule ukiutoa unajipindua, na sisi tuliurudisha ulivyojipindua. Meno yanapaswa kutazama chini, kwenye meza. Mpishi alicheka mpaka akaishikilia kaunta. Shangazi hakucheka – halafu akacheka kuliko sote, bega moja likitikisika, lingine amelishika.

Jumapili, 9 Machi

Tumefunga. Mchana wote nimelala lala tu. Sauti ya mashine bado iko masikioni, ule mvumo wa chini, halafu ikikutana na mfupa inapanda juu kidogo, inapita, inashuka. Nimeota natembea juu ya ule utepe, na unazunguka, na siko na haraka, na kila nikizunguka namkuta Shangazi dirishani anaanika nguo kwa mikono yote miwili.

Nimeamka nikawaza. Shoka lilimtaka akili mara moja tu: ananyanyua, anasema "haya!" sisi tukae mbali, anashusha, basi, akili inaruhusiwa kwenda. Mashine haisemi haya. Inakutaka muda wote. Na mimi tangu utotoni, tangu Shangazi anichukue kwa baba, sijawahi kukaa mahali muda wote.

Nimepita chumbani kwake. Amelala. Amelalia ubavu wa kulia! Mkono mbovu chini ya shavu, kama mtoto. Miaka mingapi sijaona hivyo? Nimesimama mlangoni mpaka miguu ikafa ganzi. Nimefurahi, mwenzangu daftari, nimefurahi sana.

Jumatano, 12 Machi

Ukucha. Ukucha tu. Kidole kipo.

Dole gumba la kushoto. Sikuhisi chochote. Nilikuwa nakata shingo, kikabaki kipande kidogo, kibao kilikuwa pale pale pembeni, nikasukuma kwa mkono. Mashine ilikuwa inaimba. Nilikuwa mbali. Nilipotazama, ncha ya ukucha haipo, imekatwa imenyooka kama kwa rula. Nyama ya kidole haijaguswa. Unene wa karatasi!

Nikazima. Nikakaa sakafuni. Halafu nikakumbuka ukucha wenyewe uko wapi. Uko kwenye nyama. Nimetafuta trei nzima ya nyama, sikuuona. Nikamwaga trei nzima kwenye pipa la taka. Shangazi akarudi kutoka sokoni, akaona. Nikamwambia nyama imeanguka chini. Kanisema mpaka basi: mikono ya siagi, mtu mzima ovyo. Nikameza yote. Ndiyo mara ya kwanza kumdanganya usoni, macho makavu.

Sitaki kuandika nilikuwa nawaza nini.

Alhamisi, 13 Machi

Nimesema bledi inahitaji kupumzika. Shangazi kauliza, imeugua? Nimekata nyama laini tu, kwa kisu. Ile meza ya mashine nimeizunguka kwa mbali siku nzima.

Ijumaa, 14 Machi

Mpishi wa bweni kaja na oda. Wanafunzi wana mitihani, wageni kutoka bweni la pili wamehamia kwake, anataka mbavu na mifupa ya supu ya ng'ombe wawili. Kesho saa nane mchana. Shangazi kakubali papo hapo, kanionyesha kwa kidevu: mtambo uko, mwenye mtambo huyo.

Nikasema nitaanza kesho asubuhi, leo nisafishe kwanza. Nimesafisha kitu kisafi saa mbili nzima. Brashi kwenye pembe, maji moto, kitambaa, mafuta kidogo kwenye skrubu.

Nilipotoka kumwaga maji nikarudi polepole. Shangazi alikuwa mbele ya gogo. Ameshatoa shoka ukutani. Akalinyanyua – mpaka sikioni. Likaishia hapo. Mdomo ukajikunja, akavuta pumzi, akajaribu tena. Sikioni. Akalirudisha kwa mkono wa kushoto, akapangusa macho kwa aproni. Amebaini nasitasita. Anajipima kama ataweza bila mimi. Roho imeniuma, sijui niiweke wapi.

Jumamosi, 15 Machi

Umeme umekatika. Nakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, dirishani kwenye mwanga. Nusu ya mbavu bado. Kwanza: nimezima swichi? Nimezima. Nimeenda kuangalia kwa macho. Umeme ukirudi isije ikajiwasha yenyewe. Plagi pia nimechomoa.

Niandike haraka. Asubuhi, kabla ya kuwasha, nimemwambia. Nimetoa dole gumba nikaliweka juu ya meza mbele yake. Nimemwambia pia kwamba nyama haikuanguka, niliitupa mimi. Nikangoja kelele. Hakupiga kelele. Alilishika dole gumba akaligeuza geuza, anatafuta jeraha ambalo halipo. Mkono wake ulikuwa baridi.

Halafu: ulikuwa unawaza nini?

Nikaona haya. Lakini nikasema. Nilikuwa nakuwaza wewe, Shangazi. Ulivyolala Jumapili. Nilikuwa nimesimama mlangoni kwako tena, nakutazama.

Akaliachia dole gumba. Kisha: mjinga wewe. Unataka kunipa usingizi, unipe na kidole juu?

Nilidhani atachukua shoka. Nilishajiandaa kusimama mbele ya gogo. Badala yake akavuta stuli, akaiweka ubavuni mwa mashine, upande wa kitufe chekundu. Akaweka kiganja juu yake. Mkono ule ule wa kulia – kitufe kiko chini ya kifua, hauhitaji kunyanyuka. Washa, kasema. Kata. Na uongee. Chochote, lakini nikusikie. Ukinyamaza, nazima.

Sasa fikiria! Kuongea juu ya mvumo ule ni kupiga kelele. Nilianza na mikono. Wa kushoto uko hapa! Wa kulia uko kwenye kibao! Nasukuma! Nimepita mfupa! Mara nikaishiwa. Tah! – kazima. Anangoja bledi isimame. Anauliza, ulikuwa wapi? Namwambia. Nawasha tena. Mara ya tatu nikawa nimemaliza majirani wote, hadithi zote za shule, mchumba yule aliyepotea bila kuaga. Nikaanza kusema ya humu, ya daftari hili, kwa sauti ya kuuzia samaki. Kwamba naogopa atakufa kabla yangu. Kwamba sipendi harufu ya bucha, nampenda yeye. Wateja wawili mlangoni midomo wazi! Shangazi hakugeuka, jicho kwenye vidole vyangu. Kilemba tu ndicho kilichokuwa kinatikisika.

Amezima mara tisa. Kati ya mara ya tisa na kukatika umeme, mbavu kumi na nne mfululizo. Nilizihesabu kwa sauti. Nilikuwepo kwa zote.

Saa saba na robo sasa. Mpishi anakuja saa nane. Shangazi yuko pale pale kwenye stuli, kiganja bado juu ya kitufe, mashine imekufa na yeye hajaondoa mkono. Nadhani ameusahau. Au bega linauma na ndivyo anavyolipumzisha, sijui, nitamu

Taa! Friji zinavuma. Ananiita. Anasema, mbona umenyamaza?