Sentensi ya Ishirini na Saba

Alhamisi, 4 Septemba 2025

Leo tumeanza na vichwa vya wavuvi. Nilifika labo kabla ya wote, nikahesabu fomu za idhini mara tatu. Kumi na nne. Nikahesabu tena — labda nilikosea.

Labo yetu ni vyumba viwili nyuma ya jengo la saikolojia: kimoja cha mashine, kimoja changu mimi karani. Mtu anavalishwa kofia yenye nyaya thelathini na mbili. Anasikiliza sentensi themanini kwa Kiswahili cha hapa Kisangani, na mashine inachora kazi ya ubongo wake. Nyingi ni za kawaida: mama anapika pondu, yaani kisamvu. Nyingine zinaishia vibaya kwa makusudi: mama anapika viatu. Ubongo ukisikia "viatu" unashtuka, na mstari unapanda kama kilima. Mama Prof Augustine anataka kuona kama kilima hicho kinatokea katika lugha yetu pia.

Sentensi niliziandika mimi. Sauti ni yangu pia. Mama Prof alisema nina mdomo mwepesi. Muda wangu wa majaribio ya kazi unaisha tarehe 30!

Wa kwanza alikuwa Papa Zéphirin wa Wagenia, kijiji cha wavuvi penye maporomoko ya mto, mzee mwenye mabega kama mlango. Bavon, fundi wa mashine, akampaka jeli kichwani.

— Mutoto, iko mafuta gani hii unanipakala?

— Mafuta ya beignets, papa. Tutakukaanga pole pole.

Mzee alitulia vizuri. Halafu, katikati, akacheka. Kwa nguvu! Mistari yote thelathini na miwili ikarukaruka. Mtu akicheka, misuli ya uso inavuruga kila kitu. Bavon alijishika kichwa.

Nilimsindikiza Papa Zéphirin mpaka kwa toleka, baiskeli ya abiria, nikamuuliza amechekea nini.

— Ile sauti yako! Eti bavuvi ba Wagenia banakamata samaki na filet. Na filet! Wewe iko wa wapi?

— Basoko, papa.

— Aah, bon. Ile filet iko ya kwenu. Siye tunakamata na bitunga.

Akapanda baiskeli akiwa bado anacheka. Hata mwenye toleka alicheka.

Vitunga, ndiyo! Vile vikapu vikubwa vya kunasia samaki wanavyovitundika kwenye miti, katikati ya maji yanayonguruma. Nimeviona mara ishirini. Lakini kwetu Basoko baba anatupa filet, wavu wake, kila asubuhi, na mkono wangu uliandika cha nyumbani. Sentensi ya 27. Iko upande wa zile za kawaida.

Na kuna baya zaidi. Kwenye orodha ya sentensi kuna kisanduku: "Zimesikilizwa na mtu wa Wagenia kabla ya kutumiwa." Nilikitia alama mimi. Mvua ilikuwa inanyesha, Mama Prof alikuwa anangoja. Hakuna mtu wa Wagenia aliyezisikiliza.

Ijumaa, 5 Septemba

Wavuvi watatu. Wote wamecheka. Wote pale pale.

Bavon anasema labda jeli inatekenya. Nikasema labda. Mungu anisamehe.

Jumanne, 9 Septemba

Sasa Bavon anawaomba wavuvi waume meno. Wanauma meno, machozi yanawatoka, mabega yanatikisika. Mmoja alitoka akaniita "Mama Filet". Mchana nilisikia jina hilo mpaka langoni kwa muuza mikate.

Bavon hajui linatoka wapi. Alinitania: nikalie kiti anipime, tuone ninaficha nini. Najua mashine haisomi mawazo. Mimi mwenyewe nimeandika hivyo kwenye fomu ya idhini, kwa lugha mbili! Hata hivyo siku nzima sikupita karibu na ile kofia.

Alhamisi, 11 Septemba

Kilima kipo! Mama Prof alikata kila kipande pale kicheko kilipoanza, akaunganisha vichwa vyote kumi na vinne, na kwenye sentensi mbaya mstari ukapanda — mzuri, laini, mahali pake hasa. Akapiga kelele. Profesa mzima, mwenye miwani! Alimshika Bavon mikono, wakacheza katikati ya nyaya, mimi nikapiga makofi. Kwa dakika nzima nilisahau kuogopa.

Kisha Mama Prof akasogeza uso kwenye skrini.

— Bavon, twende taratibu. Ishirini na saba iko ya kawaida, sivyo? Mbona inapanda kuliko ya viatu?

Akanigeukia. Akaniuliza ni nani wa Wagenia aliyezisikiliza sentensi. Nikasema nitatafuta orodha.

Nilikuwa nimeikalia.

Ijumaa, 12 Septemba

Niliandika barua ya kukiri yote, kwa Kifaransa. Nakala tatu nilizichana. Ya nne nilimpa Mama Prof saa mbili asubuhi, nikabaki nimesimama, mikono nyuma kama mwanafunzi.

Akasoma. Akatoa kalamu, bic nyekundu. Nikajua basi, imekwisha. Akaongeza herufi moja kwenye neno la kosa.

— Erreur inaandikwa na r mbili katikati, ma fille.

Halafu akacheka, akaita Bavon aje asome. Bavon alisoma, akakaa chini kwenye sakafu.

— Mama Filet! alisema. Kumbe!

Mama Prof aliniambia jambo ambalo nalinakili hapa nisilisahau. Kwamba hakuna aliyewauliza wale wazee kama sentensi ni ya kweli, wala hakuna aliyewaambia wacheke. Mstari wenyewe umesema: hapana, kwetu si hivyo. Kwamba kuna watu wanaotafuta kitu kama hicho miaka mingi, na mimi nimekiangusha mezani kwa bahati. Nilianza kutabasamu.

Akavua miwani.

— Sentensi iko zawadi. Lakini ile alama, Chimène, ile iko uongo. Barua yako ya kazi ya tarehe 30 sijaiandika bado. Kesho unaenda Wagenia na sentensi zote themanini.

Jumamosi, 13 Septemba

Nimerudi bila sauti. Maji yale yanataka upige kelele! Nilikaa juu ya jiwe na orodha yangu, nikifikiri nitawakuta watu watatu. Walikuja arobaini, na mama zao. Papa Zéphirin alisimama karibu yangu kama hakimu.

Nasoma, wanajibu. "Mama anapika pondu" — éeeh! "Mama anapika viatu" — iyo mama iko na shida gani? "Mbwa anakula pondu" nilikuwa nimeiweka kwenye zile mbaya. Ugomvi! Mama Célestine, anayeuza samaki wa moshi, alisema mbwa yake inakula pondu kila siku, tena inapenda yenye mawese. Wakaita mbwa. Mbwa alikula. Nikafuta sentensi.

Nilipofika 27 sikuisoma. Walinilazimisha. Nikaisoma, na kicheko kile nilikisikia kuliko maji. Nami nilicheka. Papa Zéphirin akanipeleka kugusa kitunga, akaniambia nikiandike vizuri.

Kwa kuagana nilimwomba atie alama kwenye kisanduku cha orodha mpya. Akakataa! Alisema mutu hasaini kwa karatasi tu kitu ya kusikia na masikio. Atakuja labo, asikilize sauti kwenye mashine, ndipo.

Jumatatu, 22 Septemba

Mama Prof ana wazo. Mtu wa Basoko akisikia 27 ya zamani, hapaswi kushtuka. Basi tunahitaji vichwa vya Basoko. Akauliza kama kuna mtu wa Basoko hapa karibu. Niligeuka kutazama nyuma yangu.

Nimesuka rasta juzi tu! Jeli haipiti.

Alhamisi, 25 Septemba

Nimefumua. Saa nne nzima, na dada yangu akisonya. Kichwa ni chepesi, kama si changu. Bado siku tano.

Ijumaa, 26 Septemba

Niko kwenye kiti. Naandika kwa sababu Bavon anatengeneza waya wa kumi na tisa na mimi siwezi kutulia. Jeli ni baridi! Inateremka nyuma ya sikio.

— Chimène, kichwa yako inatoa mistari kama ya mutu anakimbia.

— Ninaogopa.

— Naona. Baki tu.

Kwa mlango ulio wazi naona meza yangu. Bahasha nyeupe, jina langu kwa mkono wa Mama Prof. Amesema kwanza kichwa, barua baadaye. Uso wake hauoneshi kitu. Nitakaposikia 27 ya zamani, mstari utapanda au utalala, nami sitaweza kuusaidia wala kuudanganya. Ajabu — hilo linanituliza.

Papa Zéphirin amefika, shati limepigwa pasi. Bavon amempa vifaa vya masikio. Amesikiliza sentensi zote mpya nilizorekodi, macho yamefumbwa. Penye vitunga akaitikia kwa kichwa, polepole, kama kanisani. Sasa amevua, ameweka orodha juu ya goti lake. Kisanduku ni kitupu. Ananyoosha mkono kwangu.

— Leta bic, mwanangu.

Bic ni hii moja tu ninayoandikia.