Judith Aliomba Aulizwe

Nyambureti,
Serengeti.
28 Desemba 2024

Mpendwa dada Robi,

Shikamoo. Habari za Songea na za kazi yako ya uuguzi huko wodini? Shemeji na watoto hawajambo? Sisi huku wazima. Mama miguu inamsumbua kidogo, ila mdomo uko salama kabisa. Mvua imenyesha vizuri, mahindi yanapendeza.

Najua utashangaa kupata barua wakati simu zipo. Kuna maneno ambayo kwenye simu ningeyakwepa.

Mwaka huu Mwalimu Editha, aliyehamishiwa hapa kutoka Bukoba, amewafundisha watoto Katiba mpaka sisi wazazi tumekoma. Binti yangu mdogo Christina alikataa kuchota maji akidai yuko huru. Nikamrudisha kwa mwalimu, akaja na somo la wajibu na ndoo kichwani.

Kisha ikafika Desemba, na wewe unaijua Desemba ya huku. Mama akapeleka jina la Judith kwa wazee wa ukoo ili akakeketwe na wenzake. Akanunua kitenge cha sherehe na kuchagua mbuzi. Mimi baba mtu nikanyamaza. Sikufichi dada, niliogopa kuchekwa.

Jioni moja nakamua, Judith amenishikia ndama, akasema, "Baba, Katiba inasema utu wangu uheshimiwe na niwe huru kutoa maoni yangu. Mbona huu ni mwili wangu na hamjaniuliza?"

Nikaweka kibuyu chini. Nikamuuliza anasemaje. Akasema hataki.

Asubuhi nikaenda kuondoa jina lake. Wazee walinisema sana, na binamu yetu Nashoni akanicheka kwamba nyumba yangu sasa inaongozwa na daftari la shule. Nikamjibu ndiyo, linaongoza vizuri. Mama alininunia siku nne nzima.

Siku ya tano majina ya waliochaguliwa kuingia kidato cha kwanza yakatoka, na Judith yumo. Basi mama mwenyewe akaenda ndani, akatoa kile kitenge, akamfunga mjukuu wake kiunoni na kupiga vigelegele mpaka majirani wakaja mbio. Tukachinja mbuzi yuleyule. Nashoni alikula kuliko wageni wote. Nimefurahi dada, tangu nizaliwe sijafurahi hivi.

Lakini katikati ya ngoma nilikukumbuka wewe. Nilikuwa na miaka minane, nikakimbia mbele ya msafara nikishangilia wakati wanakurudisha nyumbani, na wewe hata kutembea ulikuwa huwezi. Nilifikiri ni raha tu.

Mama anakusalimu, Judith na Christina pia. Msalimie shemeji Athanas na watoto. Mungu awatunze na mwaka mpya uwakute na amani.

Dada, siku ile hakuna aliyekuuliza, na mimi sijakuuliza mpaka leo. Nisamehe. Ukitaka kunieleza, nitasikiliza mpaka mwisho. Usipotaka, hiyo nayo ni haki yako.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Machage