Kamba ya Kisima cha Nne

Tunduma,
21 Juni 1956

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umetoka zamu ya mgodini salama, kifua kimetulia, na blanketi alilokupelekea Mama linakufaa kwa baridi ya huko Kitwe. Sisi hapa hatujambo. Bega la Mama lilikuwa limevimba, sasa linapona. Baba mdogo Zebedayo amevuna ulezi mwingi, na shangazi Ketrina amesema nikuandikie kwamba meno yake mawili yameng'oka, ila ulimi bado upo.

Barua yako ya mwezi uliopita ilifika. Ulimwagiza baba mdogo akifukie kisima chetu, kwa kuwa hutaki jina lako libaki kwenye shimo linalowadhuru watu. Niliisoma mara nyingi, na ndiyo sababu ya barua hii. Tafadhali isome mpaka mwisho kabla hujakasirika.

Kazi yangu unaijua kwa juu juu. Tangu Januari ninamsaidia Bwana Afya, Bwana Hezron, kupima maji karibu na bohari ya mafuta pale malori yanaposimama kabla ya kuvuka mpaka. Mapipa yalikuwa yamelazwa juu ya udongo mtupu, mengine yanavuja, na watu wa jirani walilalamika. Bwana Hezron akachimbisha visima vidogo vitatu vya kupimia, kimoja baada ya kingine, kutoka bohari kuja upande wetu. Cha nne ni chako, hapo uani. Kila Jumatatu ninateremsha chupa kwa kamba, ninaipandisha, ninanusa, ninatazama kama juu kuna utando wa mafuta, kisha ninaandika. Kila kisima kina kamba yake, ili uchafu wa kimoja usiingie kingine. Kamba tatu hukaa ofisini ndani ya sanduku la bati. Ya nne niliileta nyumbani, kwa kuwa kisima kiko nyumbani.

Kisima cha kwanza na cha pili vilikuwa na mafuta kweli. Kwa sababu ya karatasi zangu bohari imeamriwa kujenga sakafu ya saruji, na sasa mapipa yamepandishwa juu yake. Baba, nilijivuna. Nilikuwa ninazitazama zile tarakimu hata wakati wa sala.

Mwezi wa tatu, mara nilipoanza kukipima, chupa ya kisima chako ilipanda na utando wenye rangi nyingi, na harufu ya mafuta ya taa. Jumatatu iliyofuata vilevile, na iliyofuata. Cha tatu, kilichopo katikati, kilikuwa safi kabisa. Nilijiuliza mafuta yamekirukaje, lakini niliandika nilichokiona, na mwanzoni mwa Aprili Bwana Hezron akakifunga kisima kwa mbao. Wanawake walinijia juu. Shangazi Ketrina alisema yeye ameyanywa maji hayo tangu kisima kilipochimbwa, na kama yana mafuta basi angekuwa anawaka akipita karibu na jiko. Niliwajibu kwa ukali kwamba pua zao zimezoea. Wakaniita Mama Chupa, wakachukua madebe yao, wakaanza kuteremka mtoni, na Mama pamoja nao.

Siku moja katikati ya Mei nilirudi mapema, nikamkuta Mama amekaa kizingitini, kamba yangu mapajani, anaisugua kwa kitambaa. Nilimwuliza anafanya nini. Akasema anaipaka mafuta ya taa, kama anavyofanya kila Jumapili tangu nilipoileta, kwa maana mchwa wa nyumba hii hawana adabu, na kamba nzuri ya serikali ikiliwa nitaadhibiwa mimi.

Nilielewa papo hapo. Kisima hakikuwa na kosa. Mafuta yalitoka kwenye kamba.

Jumamosi ya tarehe tisa mwezi huu baba mdogo alikuja na sepeto na vijana wawili, barua yako mfukoni. Nilikwenda nikasimama juu ya zile mbao, nikawaeleza habari ya kamba mbele ya wanawake wote. Shangazi alicheka mpaka akakaa chini. Bwana Hezron alipokuja alinisikiliza, akaleta kamba mpya, tukakikausha kisima siku mbili na kukiacha kijae. Nimepima mara tatu. Ni safi, Baba. Mbao zimeondolewa. Lakini baba mdogo anasema Bwana Afya ni serikali na kisima ni cha kaka, na sepeto lake halirudi nyumbani mpaka apate neno lako.

Sasa nikwambie lililo gumu. Ukihesabu siku utaona kwamba kutoka siku nilipomwona Mama na kamba mpaka siku ya sepeto ni zaidi ya wiki tatu. Nilijua, nikanyamaza. Bwana Hezron alikuwa ananiandikia barua ya kunipeleka kwenye mafunzo, na nilitaka karatasi zangu zisiwe na doa. Nilijidanganya kwamba ninamkinga Mama asilaumiwe, huku ninamtazama akipanda kutoka mtoni na debe kichwani. Bega lake liliumia wiki hizo. Na kama barua yako isingekuja, sijui ningenyamaza mpaka lini.

Bwana Hezron nimemwambia. Amesema barua ataiandika, na ndani yake ataweka kosa na kukiri, yote mawili. Mama nilimwambia tukiwa jikoni. Alikoroga uji, kisha akasema kwamba kisima kiwe wazi au kifungwe, maji yake yeye nitamchotea mtoni kwa wiki tatu. Kwa hiyo kila asubuhi ninapita na debe mbele ya kisima kilicho wazi, na wanawake wanaochota pale huniuliza kama leo samaki wa mtoni wananuka petroli. Ninacheka nao. Shingo inauma, lakini ninalala vizuri kuliko nilivyolala tangu Mei.

Nakuomba umwandikie baba mdogo arudishe sepeto lake. Ulichimba mahali pazuri. Barua hii naipeleka kwa Watson, dereva, anayevuka kesho. Mpe jibu akirudi, hata kama ni la kunikaripia.

Mama anakusalimu na kukuombea. Shangazi, baba mdogo na watoto wote wanakusalimu. Mungu akulinde huko chini ya ardhi, na akupandishe salama kila siku.

Mimi binti yako,
Elina