Bunduki Niliyoichagua kama Kibuyu

Mume wangu Masanja,

Marahaba, mjukuu wangu. Huku Kisesa tu wazima. Shangazi yako amejifungua binti, na mtoto analia kwa sauti yangu kabisa.

Umeuliza kuhusu ile picha yangu nikiwa nimeshika bunduki. Enzi za kijiji cha ujamaa, kiboko alikuwa akitumalizia mpunga kando ya ziwa. Sisi mgambo wa kijiji tukaletewa bunduki kuukuu za jeshi, zile za kukoki kwa mkono kila risasi. Wanaume wakagombania zenye vitako vinavyong'aa. Mimi nilichungulia ndani ya mitutu, kama ninavyochagua kibuyu cha maziwa, nikachukua yenye sura mbaya isiyo na kutu ndani. Kila nilipotoka kulenga shabaha niliusuuza mtutu kwa maji ya moto kuondoa chumvi ya baruti inayoleta kutu, nikaukausha, nikaupaka mafuta.

"Mama, leo unapika bunduki?" Wanaume wakacheka sana.

Kiboko alipopanda tena kutoka ziwani, bunduki zao zilikwama kwa kutu. Yangu ililia mara moja, akaanguka! Vigelegele vilifika hadi Bujora.

Jioni kamanda wetu akaja jikoni kwangu, bunduki yake begani.

"Mama, maji yamechemka?"

Mkeo wa uzeeni,
Bibi Kabula